Moto wa Baba Ambao Hakuna Aliyeuona

Nimefundisha habari za mabomu ya nyuklia kwa miaka mingi kuliko umri wa wengi wanaonisalimia sokoni Gakoromone. Wauza viazi wananiita Mwalimu wa Bomu. Wakinipimia huniuliza kama dunia bado iko. Mimi huwajibu kwamba iko, kwa neema ya Mungu, na kwamba wasinipimie kwa ndoo iliyobonyea. Tunacheka, nabeba viazi vyangu, naenda darasani.

Sijawahi kuliona bomu la nyuklia kwa macho yangu. Nalisema mapema kwa sababu ndilo swali la kwanza ninaloulizwa kila mahali, na anayeuliza hudhani amenikamata. Wahubiri walionilea hawakuwa wameiona jehanamu, na hakuna aliyewataka waache kuihubiri.

Mwaka jana, mvua za masika zikiwa karibu, mkuu wa kitivo chetu aliniita ofisini kwake. Nilimfundisha mwanamke huyu alipokuwa msichana mwembamba wa safu ya mbele, mwenye maswali makali. Sasa yeye ndiye mkubwa wangu, nami ni mzee wa mkataba, niliyepita umri wa kustaafu. Alinimiminia chai kutoka kwenye chupa yake mwenyewe, nikajua habari si nzuri.

"Mwalimu, kamati ya mtaala imekaa."

"Ilikaa vizuri?"

"Mwalimu, tafadhali." Alisogeza kikombe. "Wanataka kuiondoa kozi yako. Wanasema Kenya haina bomu, haitaki bomu, na hapa Meru hata stima inapotea mawingu yakikusanyika tu."

"Hilo la stima ni kweli."

"Wanataka kozi zinazomgusa mwananchi."

"Bomu likianguka, ni mwananchi gani atakayebaki hajaguswa?"

Hakucheka. Alinieleza kwamba kulikuwa na njia moja tu. Kwa utaratibu mpya, kila kozi iliyotiliwa shaka ilipaswa kupelekwa mbele ya wadau, yaani watu wa kawaida ambao inadaiwa kuwasaidia. Niitishe mkutano. Yeye mwenyewe angekuja kushuhudia. Watu wakitia sahihi kwamba kozi ina manufaa kwao, angeipigania. Wasipotia, angenyamaza.

"Na kamati iliuliza," akasema, akiangalia dirishani, "mdau wa bomu ni nani. Waliuliza wakicheka, Mwalimu. Samahani."

"Mdau wa bomu ni kila mwenye mapafu," nikamwambia. "Waandikie hivyo."

Nyumbani Ruiri nilimkuta mke wangu akikamua. Alinisikiliza bila kugeuza kichwa, maziwa yakilia kwenye ndoo.

"Mzee wangu, si ustaafu tu? Ng'ombe wako hapa. Vitunguu viko hapa, vinangoja kupaliliwa."

"Nitastaafu mabomu yakistaafu."

"Basi nitakamua peke yangu mpaka Yesu arudi," akasema, akasogeza kigoda.

Sikuwa nikifanya mzaha. Ili mtu aelewe kwa nini mzee mzima agombanie kozi moja ya nusu mwaka, lazima nieleze jambo la nyumbani kwetu, kule Siakago, kwenye nchi ya joto ambako nilizaliwa.

Babu yangu alikuwa na pembe. Ndani yake mlikuwa na vitu ambavyo mimi sikuvijua na sikutaka kuvijua. Kilikuwa chombo cha kiapo, ambacho kwetu huitwa kithitu. Watu wakigombana na ukweli usipopatikana, waliapa juu yake, na aliyeapa uongo alingojewa misimu saba. Kifo kikiingia kwake, kila mtu alijua kwa nini. Chombo hicho hakikulala ndani ya nyumba hata siku moja, kwa kuwa kilisemekana hakimjui mwenyewe, kinaweza kumdhuru hata yeye. Kilikaa kwenye ufa wa mwamba nyuma ya boma, na sisi watoto tulizunguka mbali tukienda kuchota maji.

Kati ya shamba letu na la jirani kulikuwa na kipande cha ardhi kilichoteremka kutoka njiani hadi kijitoni. Sisi tulisema ni chetu. Wao walisema ni chao. Babu alikuwa na pembe, na wao tuliambiwa wana ya kwao, kubwa zaidi. Basi hakuna aliyethubutu kukilima. Wapimaji wa ardhi walipofika na minyororo yao, kila upande uliogopa kuweka kigingi. Kipande kikaota miiba. Mbuzi aliyeingia humo hakufuatwa. Hakuna msichana wa kwao aliyeolewa kwetu, wala wa kwetu kwao. Hakuna aliyepigwa wala kuuawa, na wazee waliita hali hiyo amani.

Baba yangu alipookoka na kuwa katekista, babu akiwa amekwisha kufa, aliamua pembe ile isikae tena duniani. Aliamka alfajiri ya Jumapili moja, akaenda mwambani peke yake, akaichoma. Kisha akavaa koti lake, akatuongoza kanisani. Nilitembea nyuma yake. Koti lilinuka pembe iliyoungua, harufu kama ya kwato za ng'ombe zikiguswa na chuma cha moto. Kanisani alisimama akatangaza kwamba nyumba yetu imekwisha kuachana na giza.

Majirani hawakumwamini. Kama ameichoma, walisema, mbona hakutuita? Mtu hachomi silaha yake gizani. Huenda ameificha mahali pazuri zaidi, na sasa anatuambia tulime kile kipande ili tukamatwe. Baba alikasirika. Alisema shahidi wake ni Mungu, na kwamba asiyemwamini Mungu ana shida kubwa kuliko ya shamba. Alikwenda kaburini akisema hivyo. Kipande kikabaki na miiba yake.

Nilikulia ndani ya habari hiyo kama wengine wanavyokulia ndani ya njaa. Kanisa lilinipeleka ng'ambo kusomea theolojia, nirudi niwafundishe wahubiri. Huko, siku moja, nilimsikia mtaalamu mgeni akitueleza kwamba mataifa makubwa hayapigani kwa sababu kila moja linaogopa bomu la mwenzake. Aliyasema akiwa ameridhika, kama mtu anayekuonyesha ua alioujenga vizuri. Mkono wangu uliinuka wenyewe.

"Mimi natoka kwenye amani ya namna hiyo," nikasema. "Haifai. Hakuna anayelima."

Darasa lilicheka. Mtaalamu naye alitabasamu, akasema hiyo ni hadithi nzuri ya kijijini. Nimemshukuru Mungu kwa kicheko kile mara nyingi. Kama wangenisikiliza kwa adabu, huenda ningerudi kwenye theolojia yangu nikatulia. Badala yake niliandikia kanisa letu barua, nikaomba ruhusa nibadilishe masomo. Wazee wa kanisa walikaa na barua hiyo muda mrefu, wakaniombea, kisha wakaniacha niende. Uvumilivu wao sijaulipa mpaka leo.

Tasnifu yangu ya udaktari ilihusu nchi moja, kusini mwa bara letu hili, iliyounda mabomu kwa siri, ikayabomoa kwa siri, kisha ikauambia ulimwengu kwamba hayako tena. Swali langu lilikuwa moja: ukiwa umechoma gizani, unamfanyaje jirani akuamini? Nilisoma jinsi wakaguzi walivyoingia, wakafunguliwa milango, wakapewa madaftari, wakarudi tena na tena. Niliandika kwamba anayetaka kuaminiwa lazima afungue milango ambayo jirani yake ameichagua, na asichague mwenyewe. Sentensi hiyo nimeitetea mbele ya watu wenye vyeo vikubwa, katika kumbi zenye mazulia, na sijawahi kuirudisha nyuma. Wengine waliniita mhubiri aliyepotea njia. Wengine walisema Mwafrika angefaa kuandika kuhusu bunduki ndogo ndogo, ndizo saizi yake. Niliendelea kuandika.

Lakini kule nyumbani, kwenye miiba, nilikuwa mtoto wa baba yangu tu. Nilimtetea. Nilisema Mungu anatosha.

Basi niliuitisha mkutano wa wadau Siakago. Mkuu wa kitivo alinishauri niufanye Meru mjini, kwa watu waliosoma. Nilikataa. Kama kozi yangu haiwezi kusimama mbele ya watu wanaovuna ndengu, nilimwambia, basi kamati ina haki, na iifute. Niliandika tangazo la kusomwa kanisani na kubandikwa madukani. Niliandika jinsi ninavyofundisha siku zote: mkutano kuhusu silaha zinazowekwa bila kutumika, na ardhi inayolala kwa sababu ya hofu, wote mnakaribishwa, mzungumzaji ni mimi.

Nilidhani kila mtu angejua ninasema juu ya dunia.

Jumamosi hiyo, saa nne, ukumbi wa kanisa ulijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Mkuu wa kitivo alinisukuma kidogo kwa kiwiko, amefurahi. Alikuwa na fomu zake kwenye faili. Nilitundika ramani ya dunia niliyokuja nayo, nikaomba dua, nikaanza kueleza ni nchi zipi zina makombora na yanaweza kuruka umbali gani. Niliona watu wakitazamana. Wazee wawili kwenye benchi la mbele, waliokuwa na majani ya muguka kwenye mfuko wa karatasi, waliacha kutafuna. Dada yangu mkubwa, anayekaa kwenye boma la baba mpaka leo, alikuwa amefunika uso kwa leso.

Mzee mmoja akainua fimbo. "Profesa, samahani. Hayo makombora yataletwa lini?"

"Hayataletwa, Mzee. Natoa mfano."

"Ah. Kwa sababu sisi tumekuja kwa ile ya babu yako."

Ukumbi ukaangua kicheko. Ndipo nilipoona kwamba nusu ya watu waliokuwa mle ni wa upande wa pili wa miiba, na kwamba mmoja wao alikuwa amekunja mapajani ramani ya zamani ya wapimaji. Katika Siakago nzima, silaha iliyowekwa bila kutumika na ardhi iliyolala ni moja tu. Nilikuwa nimewaita wenyewe, kwa mwandiko wangu.

"Mwalimu," mkuu wa kitivo akaninong'oneza, "hii ni nini?"

Kabla sijajibu alisimama mama mmoja mzee, bibi wa ukoo ule mwingine, mkongwe kunizidi kwa miaka mingi. Alishika bega la mjukuu wake wa kike ili asimame wima.

"Mwana wa katekista," akasema. "Umezeeka."

"Ndiyo, Mama. Na wewe hujambo?"

"Mimi nilizeeka zamani, nimemaliza. Nilipokuwa msichana niliiona ile pembe. Ilikuwa na waya wa shaba hapa na hapa. Baba yako alisema ameichoma. Nani aliona?"

"Mungu aliona."

"Mungu hajawahi kuja kwa chifu kutoa ushahidi." Watu wakacheka tena, naye akangoja wamalize. "Tulikuwa majirani. Tulikopeshana moto. Si angetuita hata tuone moshi?"

Nilikuwa na vitabu vinne nilivyoviandika kuhusu swali hilo hilo, na hakuna hata kimoja kilichonisaidia pale.

"Tumalize leo," akasema. "Mbuzi wa kiapo yuko nje, tumekuja naye. Uape mbele yetu kwamba pembe haipo. Ukiapa, sisi tutatia kidole kwenye karatasi za huyu msichana wako, zote. Usipoapa, turudi nyumbani."

Mkuu wa kitivo aliniangalia. Najua alichokuwa akiniomba kwa macho. Maneno machache tu, mbuzi mmoja, na kozi ingekuwa imeokoka.

"Mama," nikasema, "siapi. Baba yangu aliichoma ile pembe ili mtu wa nyumba yetu asiape tena. Nikiapa leo nitakuwa nimeirudisha."

"Anaogopa!" sauti ikapigwa kutoka dirishani. "Iko! Pembe iko!"

"Profesa mzima anaogopa mbuzi!"

Watu wakaanza kuinuka. Benchi zilikwaruza sakafu. Mkuu wa kitivo alifunga faili lake polepole, na nikaona kozi yangu ikitoka mlangoni pamoja na watu wale, mmoja mmoja. Nilikuwa na hasira, na sikuwa na hasira nao. Nilimkasirikia baba. Ni vigumu kwangu kuandika hivi, maana yeye ndiye aliyenifundisha kusali. Lakini baba alikosea. Alikuwa na imani ya kuichoma ile pembe, na hakuwa na unyenyekevu wa kuwaita watu waione ikiungua. Alitaka kuaminiwa bure.

"Ngojeni," nikasema. Nilisema kwa ile sauti ya darasani, ambayo mke wangu anasema inafukuza kuku. "Siapi. Lakini boma ni lile pale, mwendo mfupi. Nendeni mkalitafute. Leo. Mama achague watu wake, achague mahali pa kuanzia. Kila mlango utafunguliwa."

Dada yangu aliondoa leso usoni.

"Boma la nani linafunguliwa?" akauliza.

"La baba, dada."

"Na nani anakaa humo? Wewe unakaa Ruiri na ng'ombe zako za maziwa. Hata sanduku langu?"

"Hata sanduku, kama unanikubalia. Usipokubali, basi."

"Na la kwao nitafunguliwa lini?"

"Sisi kwanza."

"Kwa nini sisi kwanza?"

"Kwa sababu sisi ndio tulisema imechomwa."

"Ulikaa ng'ambo miaka yote hiyo," akasema, watu wote wakisikia, "kujifunza kutangulia kuvuliwa nguo." Kisha akachukua ufunguo uliofungwa kwenye pindo la kitenge chake. "Twendeni. Lakini anayevunja kikombe changu atanunua kingine."

Tulikwenda wote, ukumbi mzima, kwenye jua lile la Siakago linalouma utosini. Bibi mzee alichagua wanawake watatu wa ukoo wake na mwanamume mmoja. Aliwaambia waanzie ghalani. Walishusha magunia ya kunde, wakachungulia kwenye vyungu, wakagonga kuta kwa fimbo. Walipanda darini. Waliingia chumbani kwa dada yangu, na lile sanduku likatolewa nje kwenye mwanga, likafunguliwa. Ndani mlikuwa na gauni lake la kipaimara, cheti cha shule cha mwanawe aliyefariki, na pakiti tatu za sukari alizokuwa amewaficha wajukuu.

"Kumbe sukari iko!" mjukuu wake mmoja akapaza sauti. "Cucu, na jana ulituambia imeisha!"

Walicheka, na dada yangu akacheka, ingawa macho yalikuwa na maji kwa ajili ya kile cheti. Mmoja wa wanawake wale watatu alikikunja vizuri, akakirudisha mahali pake kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nimesimama kando na mkuu wa kitivo. Hakuwa akiandika. Alikuwa akitazama.

Mwisho ulikuwa mwamba. Walipofika karibu nao vijana wote wakabaki nyuma, na wale wanne waliochaguliwa nao wakasimama. Nilitaka kuutia mkono wangu mwenyewe kwenye ufa, nimalize. Bibi mzee alinizuia kwa fimbo.

"Wewe usiguse. Wewe ndiye unayetafutwa."

Alikuwa sahihi kabisa. Ingekuwa mtihani, ningempa alama zote.

Alimwachia mjukuu wake fimbo, akajikunja mpaka magoti yakagusa mchanga, akaingiza mkono hadi begani. Alitoa majani makavu. Akatoa gamba la nyoka, watu wakarudi hatua moja. Akatoa kiganja cha vumbi jeusi, akakinusa, akakiacha kianguke.

"Hakuna," akasema.

"Hakuna!" watu wakarudia.

"Lakini huenda iko kwingine."

"Huenda, Mama," nikasema. "Njoo kesho utafute kwingine. Njoo mwaka ujao. Nikifa, njoo utafute. Dada yangu atakufungulia, na baada yake watoto wetu."

Alitaka kusimama, nikampa mkono. Safari hii hakunizuia. Alikaa kidogo kwenye jiwe dogo, akiwa ameshika mkono wangu, akipumua kwa taabu.

"Siamini bado," akasema. "Nimeogopa tangu kabla hujazaliwa, siwezi kuacha kwa siku moja. Lakini hakuna mtu aliyewahi kutufungulia sanduku." Akageuka kwa mkuu wa kitivo. "Wewe msichana, leta hiyo karatasi. Inauliza nini?"

"Inauliza, Cucu, kozi hii ina manufaa gani kwa jamii."

"Andika kwamba huyu anafundisha watu kufungua sanduku."

Akatia kidole. Wengi wakatia baada yake, siyo wote. Mbuzi alirudishwa nyumbani akiwa hai.

Ningependa kusema hapo ndipo kamati iliponyoosha mikono. Wiki mbili baadaye mkuu wa kitivo aliniita tena, na chai ikatoka tena kwenye ile chupa. Alikuwa ameandika ripoti nzuri. Kamati iliipenda, iliipenda kupita kiasi. Walitaka kozi iendelee, ila ibadilishwe jina. Iitwe Utatuzi wa Migogoro ya Ardhi Vijijini. Mabomu yapewe wiki moja mwishoni, muda ukipatikana.

"Mwalimu, chukua," akasema. "Utafundisha unachotaka mle ndani, nani atakagua?"

Alikuwa amesahau anazungumza na nani. Nilimwangalia mpaka akakumbuka, akashika kichwa, akacheka.

"Samahani, Mwalimu. Nani atakagua. Nimesema hivyo kweli?"

"Umesema. Na ulikuwa mwanafunzi wangu bora." Niliweka kikombe chini. "Siwezi kuwaambia ni shamba huku nikificha bomu darini. Mambo ya shamba wako watu wanaoyafundisha vizuri kuliko mimi. Mimi nasema kwamba yule bibi, magoti yake mchangani, ana haki ya kuwauliza wenye makombora swali lile lile alilomuuliza baba yangu. Bara letu lote limekubali kutokuwa na silaha hizi. Tumekwisha kufungua sanduku letu. Basi tuna haki ya kuuliza la wengine litafunguliwa lini, na mtu wa kuuliza lazima afundishwe mahali fulani. Kwa nini pasiwe Meru?"

Nilikwenda nyumbani nikaandika jibu langu kwa kamati. Lilikuwa na mistari miwili. Wa kwanza ulishukuru kwa wema wao, na nilikuwa nashukuru kweli. Wa pili ulisema jina la kozi linabaki kama lilivyo, au kozi ifutwe ikiwa na jina lake.

Walikaa na jibu hilo muhula mzima. Mke wangu alinisaidia kungoja kwa kunipa vitunguu nipalilie. Mvua fupi zilipokuwa zikikaribia, dada yangu alinipigia simu kutoka Siakago. Bibi mzee alikuwa amemwita nyumbani kwake, akamkabidhi ufunguo wa ghala lao, akamwambia atafute anapotaka. Dada alitafuta mpaka jua likageuka.

"Ukapata nini?" nikamuuliza.

"Nilipewa ndengu, nikabeba."

"Na pembe yao?"

"Sikuiona. Wanasema haikuwahi kuwako. Tangu zamani, wanasema, yalikuwa maneno tu. Unaamini?"

"Sijui. Utarudi kutafuta tena?"

"Jumanne," akasema. "Ameniambia nije na wajukuu, tukate miiba pale juu, karibu na njia. Siyo yote. Mistari mitatu tu ya kunde, yao na yetu, tuone kama kuna mtu atakufa."

Nilicheka mpaka mke wangu akatoka nje kuangalia.

Ratiba ya muhula huu ilibandikwa ubaoni mwezi uliopita. Kozi ipo. Jina lake lipo lote, na neno nyuklia halijaondolewa. Wametuweka Ijumaa alasiri, saa ambayo wanafunzi hukimbilia stendi kwenda kwao, kwenye chumba kilichopakana na jikoni, ambako sufuria zinaangushwa kila ninapofikia jambo muhimu. Nadhani kamati inatumaini tutachoka.

Ijumaa ya kwanza nilikuta wanafunzi wachache na viti vingi. Kijana mmoja wa safu ya nyuma, mwenye kofia iliyogeuzwa, alinyoosha mkono kabla sijasalimia, akaniita babu.

"Guka, bila kukukosea, sisi Kenya na bomu ni wapi na wapi? Kwani umewahi kuiona hata moja?"

Nilimwambia avue kofia, tuombe kwanza. Tulipomaliza nikamwambia swali lake ni zuri na atalijibu mwenyewe kabla ya muhula kwisha. Kisha nikageukia ubao, na sufuria zikilia upande wa pili wa ukuta, nikaandika swali la somo la kwanza, kwa herufi kubwa, jinsi bibi mzee alivyoliuliza: Nani aliona?